Soksi za Bi Kuruthumu

Tabia aliipanga safari ya Berlin kwa mdomo wa mama yake, kisha akamwacha mama yake nje ya safari. Ukilisema jambo lenyewe bila kulipamba, ndivyo lilivyokuwa, na yeye mwenyewe leo halipambi.

Mwaliko ulitoka kwa kaka wa mumewe, ambaye ni muuguzi huko Ujerumani. Njooni likizo ya Desemba, alisema, mtembee siku chache, mtoto auone mji. Tabia anafundisha sekondari pale Bagamoyo, mumewe Feisal ana duka la vipuri vya pikipiki, na binti yao Mina ana miaka tisa na maswali yasiyokwisha. Hakuna aliyewahi kupanda ndege. Kwa hiyo Tabia, kama mwalimu yeyote, akaanza kuandaa somo: tutaona nini, tutaanzia wapi, tutapita njia ipi. Na kwa habari za Berlin hakuwa na haja ya kwenda mbali. Alikuwa anakwenda Dunda, kwa mama yake.

Bi Kuruthumu hajawahi kuvuka hata Mto Wami, lakini Berlin anaijua. Marehemu mumewe, Mzee Mikdad, alipelekwa huko kujifunza upigaji chapa enzi zile mji umekatwa kati kwa ukuta, mkewe akabaki nyumbani na Tabia aliyekuwa bado ananyonya. Mikdad aliporudi alileta simulizi nyingi kuliko mizigo. Akawa anazirudia kila jioni barazani, mpaka mkewe akazijua kuliko yeye, na akiruka kipande anakumbushwa.

"Hivi mama," Tabia alikuwa akiuliza, kana kwamba ni mazungumzo tu, "baba alisema ule mnara uko karibu na stesheni?"

"Mnara wenye mpira juu? Unatoka tu stesheni, huo hapo. Lakini msikimbilie mnara. Anzeni na saa." Macho ya Bi Kuruthumu yalichangamka kila alipofika kwenye saa. "Ni duara kubwa, limezungushiwa majina ya miji ya dunia nzima. Na Dar imo! Baba yako kila Jumapili alikwenda kusimama chini ya jina la nyumbani, akatazama huku ni saa ngapi, akajua kama nimeshasali adhuhuri au bado. Alikuwa akiniambia, 'Kuru, iko siku nitakupeleka usimame pale na mimi.' Haya, Mungu hakupanga."

Tabia alisikia. Hata lile "msikimbilie" na lile "anzeni" aliyasikia, akayachukulia kuwa ni lugha tu ya mtu mzima anayeelekeza, si kwamba mama ameshaihisi safari.

Lazima nieleze kitu kimoja, maana bila hicho utadhani watu hawa hawana akili. Katika nyumba ya Bi Kuruthumu safari haitangazwi. Husemi unakwenda wapi wala lini mpaka siku ya kuaga, kwa sababu vijicho ni vingi na midomo ya watu haina simile. Na anayehisi kuwa kuna safari hamwulizi msafiri. Kumwuliza ni kumtia nuksi. Tabia alilelewa hivyo. Kwa hiyo hakusema, na mama yake hakuuliza, na kila mmoja akaona mwenzake ana adabu sana.

Ila Tabia alikuwa na sababu nyingine, naye aliijua. Aliificha nyuma ya mila kama mtu anavyoficha vyombo vichafu mgeni akibisha hodi. Mama ana magoti mabovu. Mama atataka kusimama kila baada ya hatua mbili, atataka maji ya kutawadha, atauliza hiki nyama gani. Kwa mara moja katika maisha yake Tabia alitaka kutembea na mumewe na mwanawe bila kumshika mtu mkono. Si dhambi, alijiambia. Nitamletea zawadi nzuri. Akamwambia Feisal, "Mama hawezi baridi," na Feisal, ambaye hapendi ubishi, akasema sawa.

Wakaenda Dar watatu, wakachukuliwa alama za vidole, wakapata viza. Katika miezi hiyo hiyo Bi Kuruthumu alikwenda Kibaha zaidi ya mara moja. Tabia alipomkosa nyumbani, jirani Sabiha alimwambia mama kaenda Kibaha kwa shughuli zake, naye akadhani ni mambo ya macho. Hakufuatilia. Alikuwa na haraka ya kuonana na fundi aliyekuwa akiwapunguzia makoti ya mitumba.

Tabia alimpigia mama yake kwamba kesho yake watapita na gari, asiseme zaidi. Siku hiyo ya kuondoka, baada ya adhuhuri, walipita Dunda na gari la kukodi kuaga na kuomba radhi. Tabia alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi. Angesema taratibu, kwa tabasamu, na mama angeomba dua, wangebusiana mikono, basi.

Aliona kwanza banda la kuku liko wazi na tupu. Kisha akaona godoro limekunjwa, mtungi umepinduliwa, madirisha ya nyuma yamefungwa. Mama yake alikuwa ameketi barazani kwenye kigoda, amevaa baibui jipya, begi dogo ubavuni. Miguuni alikuwa na soksi nene za sufu, rangi ya kahawia, zimepanda mpaka chini ya magoti. Joto la Desemba lilikuwa linamtoa jasho mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama," Feisal alisema.

"Marahaba, wanangu, marahaba. Nimebakiza dirisha la mbele tu. Kuku nimempa Sabiha. Feisal, begi langu si zito, baba, linakaa hata miguuni."

Feisal alimtazama mkewe. Mina ndiye aliyesema, kwa sauti yake ile ya darasani:

"Bibi, kwani na wewe unakwenda?"

Kulikuwa na nafasi hapo. Ndogo, lakini ilikuwepo. Tabia angeweza kupiga magoti, angeweza kulia, angeweza kusema lolote. Badala yake yalimtoka yale maneno aliyoyapanga tangu asubuhi, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa karibu.

"Mama, sisi tumekuja kukuaga."

Bi Kuruthumu alilitazama begi lake, akaliweka vizuri ingawa lilikuwa limekaa vizuri.

"Eeh," alisema. "Na mimi ndiyo naondoka. Nakwenda Msata, kwa Somoe. Dada yangu huyo sijamwona siku nyingi."

"Na soksi hizo, bibi?" Mina aliuliza.

"Msata siku hizi asubuhi kuna baridi."

Akainama kuzivua. Haikuwa rahisi, kwa magoti yale na jasho lile. Tabia akachutama kumsaidia, na alipochutama akaiona pasi mpya ya kusafiria imechungulia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Akaivuta. Picha ya mama yake ilikuwa imekaza uso kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Mama. Hii uliitoa lini?"

"Nilikwenda Kibaha, uhamiaji. Nilisema isije ikawa ni mimi ninayewachelewesha. Hayo mengine nilijua mtanifanyia ninyi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia." Hakusema kwa hasira, na Tabia angependa mno angesema kwa hasira. "Safari ni yako, mwanangu. Mwenye safari ndiye anayesema. Ulivyokuwa unakuja kuniuliza njia, nikajua ndiyo unaniambia kwa heshima."

Feisal alikohoa. "Mama, tuahirishe. Twende sote mwakani."

"Astaghfirullah! Umeshatia nia, umefika mlangoni, unarudi? Unataka nuksi hiyo mumtwishe nani?" Akachukua ile pasi mkononi mwa Tabia, akairudisha mfukoni, akafunga zipu. Soksi akazikunja pamoja, akampa Mina. "Utavaa mbili mbili. Babu yako alisema baridi ya kule huanzia miguuni."

Aliwaombea dua ndefu, na radhi akawapa, akalitamka neno lenyewe mara tatu huku amemshika Tabia kichwani. Kisha akasisitiza wampeleke stendi. Wakampeleka. Walimwacha ameketi dirishani katika gari la Msata lililokuwa bado linasubiri abiria, anapunga mkono kama mtu mwenye furaha. Tabia alilia tangu Bagamoyo mpaka uwanja wa ndege, na Feisal hakuthubutu kumwambia anyamaze.

Siku ya pili Berlin, saa kumi jioni, giza limeshaanza kushuka, walifika kwenye saa. Waliupita mnara bila kuutazama. Tabia alilizunguka lile duara akisoma majina mpaka akaliona la nyumbani, akasimama chini yake, akapiga simu.

Iliita sana. Mama yake alipopokea, sauti ilikuwa ya chini, karibu ya kunong'ona.

"Mmefika kwenye saa?"

"Tumefika, mama. Niko chini yake. Huko inasema ni saa kumi na mbili."

"Kweli kabisa. Magharibi ndiyo inakaribia." Alipumua kidogo. "Jina letu lipo?"

"Lipo, mama."

"Alhamdulillahi. Basi Mikdad hakunidanganya."

"Mbona unasema polepole hivyo? Kwa mama mkubwa Somoe kuna mgonjwa?"

"Hapana. Wamelala tu."

Nani analala saa kumi na mbili jioni? Tabia alikuwa anataka kuuliza hivyo, ndipo aliposikia, nyuma ya sauti ya mama yake, upande wa pili wa ukuta, mwanamke anaita kuku. Alikuwa Sabiha. Hakuna asiyeijua sauti ya Sabiha pale Dunda. "Ku-ku-ku! Huyu tetea wa Bi Kuruthumu mbona hataki kuingia bandani? Mwenyewe yuko Ulaya anakula raha, sisi huku tunahangaika na kuku wake!"

Tabia aliishika simu kwa mikono miwili. Mama yake hakwenda Msata. Yuko chumbani mwake, madirisha yamefungwa, hajawasha taa, kwa sababu mtaa mzima umeshajua kwamba amesafiri na wanawe.

"Mama," alisema, "uko wapi?"

"Msata, mwanangu. Si nilikwambia." Sabiha akasikika tena, na Bi Kuruthumu akashusha sauti zaidi. "Ila mkitua Dar unipigie kabla hamjafika. Mnipitie stendi, turudi Dunda pamoja."