Kapteni wa Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi Meno aliitwa hivyo kwa sababu alitengeneza meno ya bandia, na aliyatengeneza vizuri mno; mtaani kuna watu walikuwa wakicheka ovyo ili tu yaonekane. Lakini mapenzi yake hayakuwa kwenye meno. Yalikuwa kwenye kabati la kioo sebuleni, waliposimama askari sitini na mmoja wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole, wote kazi ya mchongaji mmoja wa zamani ambaye hakuwahi kumtia machoni. Miaka ishirini aliwasaka minadani, kwa wajane, na kwenye maduka ya vitu chakavu. Mkewe alizoea kusema kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na kambi.

Kipenzi chake alikuwa Kapteni. Hapo mchongaji alikosea: mkono wa kulia, ule ulioshika bastola, ulikuwa wa kushoto, kidole gumba kimekaa upande usio wake. Walitoka Kapteni kumi na wawili tu kabla kalibu ya kuwamiminia haijavunjwa, na wakusanyaji wenzake walimtolea macho huyo wake. Fundi Meno alimpenda kwa sababu nyingine. Kila meno yalipogoma kukaa sawa, alikwenda kumtazama, akakumbuka kwamba hata bingwa hukosea.

Jumamosi moja mchana hodi ikabishwa. Mlangoni alisimama mzee mwenye mkoba wa ngozi. Akachungulia ndani, akaliashiria kabati kwa kidevu.

"Hao wote nimewafanya mimi."

Fundi Meno alikuwa na maswali ya miaka ishirini kichwani, na mwenye majibu ndiye huyu.

"Nimemfuata Kapteni," mzee akaendelea. "Wenzake kumi na mmoja nimeshawapitia nyumba kwa nyumba. Nimewakata mkono mbovu, nikawatia mzuri. Amebaki wako."

Mzee akainama kufungua kamba za viatu. Fundi Meno akaruka hadi kabatini, akamnyakua Kapteni, akakosa pa kumficha, akamtia mdomoni.

"Yuko wapi?"

Fundi Meno akatikisa kichwa.

"Umemuuza?"

"Mmm."

Mkewe akaingia na chai. "Shikamoo mzee, karibu. Baba watoto, hilo shavu vipi? Fundi wa meno naye anaumwa jino?"

"Mmm."

"Hebu fungua."

Akamminya mashavu kama anavyomfanyia mtoto aliyeiba sukari. Kapteni akatoka ametanguliza bastola, akaangukia kwenye kisahani. Fundi Meno alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee hakukasirika. Alimfuta Kapteni kwa leso. "Mwanangu, nimechonga maelfu. Farasi wangu watu husema wanapumua. Lakini nikitajwa popote, mimi ni yule wa mikono miwili ya kushoto. Sitaki kuzikwa na jina hilo."

"Kosa moja haliachi mke, mzee," mama watoto akamtuliza.

"Mke hakai kabatini, mama, watu wakaja kumcheka."

Akatoa msumeno mdogo mkobani. Mkono ulimtetemeka mpaka msumeno ukagonga kikombe. "Wale kumi na mmoja niliwamudu. Sasa mikono imenikatalia. Wewe umezoea kazi ndogo ndogo. Nifanyie."

Fundi Meno alimtazama Kapteni, akamtazama mzee. Roho ilimuuma kwelikweli. Akimkata, Kapteni hatakuwa yule tena. Lakini utamnyimaje mtu uliyemhusudu miaka yote, naye anakuomba sebuleni kwako akiwa na soksi tu miguuni? Akaupokea msumeno.

Wakahamia chumba cha kazi. Akakata. Akachonga mkono mpya kwa nta ya rangi ya waridi ya kutengenezea fizi, mdogo kama punje ya mchele, akautengenezea kalibu ya plasta, akamimina madini, akaupachika. Mzee alimshikia taa, na maswali yote ya miaka ishirini yakaulizwa na kujibiwa. Fundi Meno hakuwahi kuwa na mchana mtamu kama huo.

Mzee akaweka kioo cha kukuzia jichoni. "Safi kabisa. Sasa hata nikifa, poa."

Mama watoto alikuja kuchukua vikombe, akainama kutazama. "Mbona huu nao ni wa kushoto?"

Kioo kikapita mkono kwa mkono. Kidole gumba kilikuwa palepale pa zamani, ila sasa kilikuwa na ukucha mzuri zaidi.

"Ulipokuwa unachonga," mzee akauliza, "ulikuwa unauiga mkono wa nani?"

"Wangu."

"Upi?"

Fundi Meno akainua mkono wa kulia. Ulikuwa bado umeshika kisu. Akauteremsha, akautazama wa kushoto, ambao mchana kutwa ulikuwa umetulia mezani mbele ya macho yake.

Mzee akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe ni hivyo! Na mimi miaka arobaini nimejiona mpumbavu peke yangu!" Fundi Meno naye akacheka, akajiona amepandishwa cheo.

"Na wale kumi na mmoja, mzee," mama watoto akauliza, "wewe uliiga mkono upi?"

Kicheko kikakatika. Mzee akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa juu ya goti.

"Wenyewe hawakusema kitu," alisema polepole. "Wote walinishukuru, wakanisindikiza mpaka barabarani. Nilidhani ni heshima."