Wiki ya Maumbo

Jumapili baada ya misa ya pili, Asteria alimaliza kuosha vyombo, akachana karatasi ya mwezi wa nne kutoka kwenye kalenda ya ukutani, akaigeuza upande mweupe na kuandika kwa kalamu ya bluu: MADA YA WIKI: MAUMBO. Chini yake akapanga siku. Jumatatu duara, Jumanne mraba, Jumatano pembetatu, Alhamisi kuchanganya yote, Ijumaa kuonyesha kazi na kula maandazi. Akaibandika kwenye mlango wa jiko kwa tonge la ugali uliolala.

Alikuwa akipanga hivyo kila Jumapili tangu alipowatoa pacha wake, Kulwa na Doto, chekechea. Watoto wenzao walikuwa wamewaambia kwamba baba yao ametorokea Chunya na mwanamke. Kabla ya kuolewa na kuhamia Geita, Asteria mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea kule Ibadakuli, na hakuona sababu ya kuwaamsha watoto wa miaka minne alfajiri waende kufundishwa umbea.

Mada zake alizichota kwenye utoto wake mwenyewe, Kolandoto. Kulikuwa na Wiki ya Soko, wakauziana majani ya mpera. Kulikuwa na Wiki ya Mvua. Kulikuwa na Wiki ya Ng'ombe, na hiyo ndiyo iliyomtia simanzi, kwa sababu yeye alipokuwa mdogo alimiliki ng'ombe kumi na wanane wa udongo, wenye pembe za miiba, akiwachunga kando ya majaruba ya mpunga mpaka mama yake amwite mara tatu. Uwanja wa nyumba ya kupanga Kalangalala ulitosha mikeka mitatu, na udongo wake ulikuwa changarawe tupu. Ng'ombe wa Kulwa walivunjika miguu kabla ya kukauka. Asteria aliukumbuka ule udongo mweusi wa kwao hadi akaisikia harufu yake.

Mumewe, Donatus Mageni, ndiye angeweza kuwatengeneza ng'ombe hao. Alikuwa seremala. Walijuana alipokuja Ibadakuli kutengeneza bembea ya chekechea, kazi ya siku moja aliyoifanya kwa siku sita, na walimu wote walijua kwa nini. Geita alipata kazi ya fundi wa matimba, yaani magogo yanayozuia kuta za shimo la dhahabu zisianguke. Shimo hilo wachimbaji huliita duara. Mwezi wa pili, mvua zilipozidi, duara alilokuwa akilifanyia kazi lilititia.

Mwenye duara, Valerian, alifungua daftari la getini, akaita majina, na kila jina likaitika. Kisha akafukia. Lakini daftari la getini huandika wachimbaji tu. Fundi wa matimba na wabeba magogo wake huhesabiwa kuwa wageni, na mgeni haandikwi. Asteria alipokwenda kuuliza, Valerian alimpa kiti na soda.

"Mumeo hayumo, mama. Watu wa machimboni ni ndege, leo hapa kesho Chunya."

Mtaa ukalidaka hilo. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Asteria alichotaka ni kimoja tu: duara lifukuliwe, mumewe atolewe. Hakuna aliyemsikiliza.

Jumatatu saa tatu asubuhi akawakalisha pacha kwenye mkeka.

"Leo tunajifunza duara. Kila mtu aende uwanjani atengeneze duara lake. Zuri, lisilo na kona."

Akaingia jikoni kugeuza maharage. Yeye akisema duara alikuwa akifikiria ungo, sahani, mwezi wa kumi na nne. Alisahau kwamba wanawe wamezaliwa Geita.

Alipotoka, Kulwa alikuwa ameshachimba hadi magotini kwa kijiko cha bati. Doto alikuwa juu, akivuta udongo kwa kamba ya kiatu iliyofungwa kwenye kopo la blueband, na pembeni wamepanga vijiti vya kuzuia kuta. Duara lilikuwa na upana wa beseni. Asteria akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, na alikuwa anafungua mdomo awarekebishe pale mtu alipokohoa mle ndani.

Kulwa akatoka kumpisha. Donatus akachomoza hadi kiunoni, tochi kichwani, nywele zimejaa vumbi.

"Mwangaluka," akasalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Asteria akajibu, akaenda kumletea maji.

Alikunywa vikombe vinne. Asteria alimshika mikono akajaribu kumvuta, lakini akamzuia. "Taratibu, Mama Kulwa, utaangusha matimba." Akavitazama vijiti vya wanawe, akavisifu, akavisogeza viwili vilivyokaa vibaya. Kisha akainua kutoka chini donge la udongo mbichi, mwekundu, laini, ambao uwanja ule haukuwa nao, akaanza kufinyanga ng'ombe. Doto alitumwa miiba. Mwaisha, jirani, alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ua wa mabati.

"Baba Kulwa, umerudi?"

"Bado, Mama Yasmini. Niko kazini."

"Haya, kazi njema."

Saa sita Asteria alipowaita watoto waje kunawa mikono, Donatus aliaga akashuka. Shimo likabaki shimo la kimo cha goti.

Jumanne ilikuwa mraba. Watoto walichora miraba mizuri kwa mkaa, na asubuhi nzima hakuna aliyekohoa. Asteria hakula mchana. Jumatano akakata neno pembetatu, akaandika duara. Saa tatu na nusu Donatus alikuwa amechomoza, akiuliza kama ng'ombe wamekauka.

Wakakaa kama walivyokaa zamani siku za bembea, yeye akifanya kazi, Asteria akizungumza. Walikumbushana matobolwa ya mama yake Asteria, vile viazi vitamu vikavu vinavyotafunwa njia nzima. Walikumbushana ndege inayotua Ibadakuli na watoto sitini wakiacha uji na kukimbilia dirishani. Asteria alimpenda sana saa ile, na akamwambia.

"Uko wapi hasa huko chini?" akamuuliza.

"Mita arobaini, kushoto kwa ngazi, nyuma ya timba la tatu. Tuko wanne, mimi na vijana wa magogo. Wanakusalimu."

Asteria hakungoja zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe sasa ilikuwa uwanjani kwake ikitoa mita na upande. Alhamisi alimleta mwenyekiti wa mtaa, Mzee Salmini, na Mzee Salmini kwa haki akamwita na Valerian.

"Shikamoo mzee," Donatus akasema kutoka shimoni.

"Marahaba, fundi. Pole na kazi."

Donatus akaeleza yote: mita, ngazi, timba la tatu, watu wanne. Valerian alisikiliza vizuri, kofia mkononi. Hakubisha hata neno moja.

"Pole sana, fundi," akasema, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, umemwona huyu mtu?"

"Nimemwona."

"Yuko wapi?"

"Si ndiye huyu hapa?"

"Basi hayuko kwenye duara langu."

Mzee Salmini alikuwa mtu mkweli, hajawahi kuandika asichokiona wala kukana alichokiona. Aliomba kiti, akatoa karatasi na mhuri, akaandika kwamba Ndugu Donatus Mageni ameonekana nyumbani kwake Kalangalala, mwenye akili timamu, akicheza na watoto wake.

"Mzee, ameonekana nusu!" Asteria akasema. "Kiuno kwenda chini kiko kule!"

"Naona, Mama Kulwa. Lakini barua haina mahali pa kuandika nusu mtu."

"Na hao wengine watatu?"

"Hao sijawaona," akasema Mzee Salmini, kwa masikitiko ya kweli, akagonga mhuri.

Valerian aliikunja barua kwa uangalifu. Alipopita kando ya shimo alimpa Donatus mkono, na Donatus, mtu wa adabu zake, akaupokea. Mwaisha kule nyuma ya mabati aliguna tu.

Asteria alikaa mlangoni pa jiko mpaka maharage yakaungua. Mwenyewe kwa miguu yake alikuwa amewaleta waone, na sasa kuona kwao ndiko kulikomfukia mumewe mara ya pili, kwa mhuri. Angekaa kimya angalau lingebaki swali.

Ijumaa alikanda maandazi kama alivyopanga. Pacha walionyesha kazi yao: duara moja, ng'ombe kumi na mmoja wekundu. Donatus alipewa andazi, akalimega vipande vinne, akala kimoja, vitatu akavipitisha chini, mkono mmoja mmoja. Kisha akafuta vidole.

"Mama Kulwa, vijana wananisumbua niulize. Wanaofukua wamefika wapi?"

Asteria alimtazama. Doto naye alikuwa akimtazama mama yake, kopo mkononi.

"Mita thelathini," Asteria akasema.

Donatus akainama, akalipeleka neno hilo chini, na kutoka shimoni, mbali sana, wakasikika watu watatu wakishangilia.

Ilikuwa saa sita. Asteria akawaita watoto waje kunawa mikono.