Malkia Aliyejitangazia Kifo

Kwenye tamthilia zetu za huzuni hapa Athene, malkia hafi mbele ya watu. Anaingia ndani, anajinyonga kwa adabu zake, kisha mjumbe anatoka mbio kutusimulia. Na kwa kuwa tunaruhusiwa waigizaji watatu tu, malkia na mjumbe ni mtu yuleyule. Anabadili kinyago nyuma ya mlango huku sisi wanakwaya kumi na watano, wanaume wazima tuliovaa kama vibibi, tukivuta wimbo kumpa nafasi.

Mtu wetu alikuwa Nikerato, ambaye siku hiyo alianza divai asubuhi na mapema. Mfalme aliigizwa na Euthudiko, mtunzi mwenyewe. Miaka miwili mfululizo alikuwa ameshika mkia kwenye mashindano ya tamthilia. Akishika tena, mkuu wa mji hatampa kwaya maishani, na bila kwaya hakuna kushindana. Na tamthilia hii aliitunga kwa ajili ya mkewe Melita, dada yake Nikerato, aliyekufa kwa homa mwaka jana wakati yeye anatufundisha sisi nyimbo. Hata kinyago cha malkia alikiagiza kwa sura ya Melita.

Basi tukaimba. Mlango ukafunguka, mjumbe akatoka anahema, fimbo ya safari mkononi, na usoni kavaa kinyago cha malkia.

"Ole wetu! Malkia amekufa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Pole, marehemu!" mmoja akapaza sauti kutoka juu. "Kuzimu wamekufukuza?"

Tini zikaanza kurushwa. Moja ilinipata sikioni.

"Tumekwisha," nikamnong'oneza Sosia, fundi viatu, aliyesimama kando yangu.

"Imba, wewe!"

"Niimbe nini? Maiti ndiyo inahutubia!"

Nikerato akajipapasa uso, akaelewa, akageuka kukimbia. Mfalme akamdaka mkono.

"Ngoja, mke wangu." Maneno hayo hatukuyafanyia mazoezi. "Siku ile, uliniulizia?"

Nikerato akasita. "Nilikuulizia."

"Wakakwambia niko wapi?"

"Kazini."

"Ukasemaje?"

Tini zilikoma.

"Nikasema mwacheni amalize. Akirudi, dengu ziko jikoni."

Mfalme hakumwachia. Nilikuwa karibu, nikamsikia Nikerato akimnong'oneza, "Niachie, shemeji. Inabidi nikafe."

Majaji walituweka wa mwisho. Walisema marehemu haleti habari zake mwenyewe, huko ni kuvuruga utaratibu. Sosia nami tukatumwa kumpa Euthudiko msiba huo. Tulimkuta nyuma ya mlango, amemkaba Nikerato kanzu.

"Ile ya dengu umeitunga saa ngapi?"

"Mimi na kutunga wapi na wapi? Nilikuwa nimekaa kitandani pake. Ndivyo alivyosema."

"Mwaka mzima! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, shemeji. Kila nikija unanisomea mistari."

Euthudiko akamwangukia begani, akalia kwa sauti kama mtoto. Sosia akakohoa, akamwambia tumeshika mkia. Hakuuliza hata nani ameshinda.