Uso Wenye Ukungu

Nyokabi alikuwa amemwambia Edah jambo lilelile Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi ya nne Edah akaleta picha nyingine ya uso wenye ukungu.

Ilikuwa mwaka 2007. Wakenya wachache walioishi ughaibuni walikuwa wakikutana mtaa wa Hockley, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya sonara, kufundishana kupiga picha. Nyokabi alifanya kazi katika studio ya picha, kwa hiyo yeye ndiye aliyekagua kazi za wenzake. Edah alikuwa muuguzi, amemzidi miaka ishirini, na alitaka kuwapiga picha wazee wa kanisa lake kwa ajili ya kalenda.

Safari hii alikuwa amempiga picha mzee Jairus sebuleni kwake. Kwenye kompyuta, pazia la kando lilionekana uzi kwa uzi. Uso wa Jairus ulikuwa kama umetazamwa kupitia kioo chenye mvuke, na juu ya kichwa chake dari ilikuwa imekula nusu ya picha.

Nyokabi alianza kwa heshima, kama kawaida. Akausifu mwanga wa dirishani, ambao kweli ulikuwa mzuri, kisha akasema fokasi, yaani ukali wa picha, ingeweza kuboreshwa kidogo. Edah naye akajibu kama kawaida kwamba lenzi ilikuwa mbovu, angenunua nyingine.

Uvumilivu ukamwishia Nyokabi.

"Anti Edah, si lenzi. Pazia limetoka safi kwa lenzi hiyohiyo. Fokasi iende machoni. Nimekuambia mara tatu."

Edah alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.

"Unaniambia iende machoni," akasema. "Hujawahi kuniambia inakwendaje. Kila wiki narudi nyumbani nikijua nimekosea, na sijui nifanye nini."

Nyokabi akaomba kamera. Alipochungulia, aliona kialama chekundu cha fokasi, kinachoonyesha kamera inalenga wapi, kimehamia kando kabisa, kushoto. Edah hakujua hata kama kinahamishika. Nyokabi akafungua picha za wiki zilizopita: kushoto birika, kushoto fremu ya mlango, vyote vimetoka safi. Picha hizo zilikuwa mbele ya macho yake mwezi mzima. Alijikasirikia kuliko alivyokuwa amemkasirikia Edah.

Akamwonyesha: sogeza kialama mpaka kwenye jicho lililo karibu nawe, bonyeza kitufe nusu, ngoja, kisha bonyeza mpaka mwisho. Halafu msogelee mtu, dari ipungue.

Edah akampiga picha yeye papo hapo. Kope zilihesabika. Kidevu kilikuwa kimekatwa.

"Rudi nyuma hatua moja," Nyokabi akasema, "na uinamishe kamera kidogo."

Picha ya pili ilikuwa afadhali. Edah hakumshukuru. Alisema wiki nne za kukosolewa bila kuonyeshwa ni nyingi, akamsukumia karatasi na kalamu amwandikie hatua zote, moja baada ya nyingine. Nyokabi akainama, akaandika.