Mistari Ndani ya Jiwe la Mwalimu Mbazi

1.
TANGAZO KWA WATAFITI WOTE
Sumaku Kuu itazimwa Ijumaa saa sita mchana na haitawashwa tena. Kila kikundi kitapewa mapigo matano ya sumaku. Pigo litakaloharibika halitarudiwa.

2.
Kikundi cha Nakiete Mshana kilikuwa Nakiete peke yake. Alitoka Same hadi mji huu wa theluji akiwa na jiwe moja jeusi, dogo kuliko punje ya mchele, ndani ya kichupa cha dawa. Mwalimu wake, Profesa Mbazi, alilikuza tanurini miezi kumi na moja. Umeme ukikatika, anaanza upya. Tanuri limeshakufa. Mbazi yuko wodini, figo zote mbili zimegoma.

3.
Msomaji, jambo lenyewe si gumu. Lipoze jiwe hili sana, umeme utapita ndani yake bila kupotea hata kidogo. Libane kwa sumaku kali, uwezo huo utakufa, na chaji za umeme zitajipanga mistari, kama miraba ya kikoi. Wengine wameshaiona mistari hiyo. Mbazi alitaka kujua jambo moja: ndiyo inayouua uwezo huo, au huja msibani tu?

4.
Daftari la chumba cha mitambo, mwandiko wa fundi Pavel:
Pigo 1: waya umekatika.
Pigo 2: baridi haikutosha.
Pigo 3: safi. Hakuna kitu.
Pigo 4: safi. Hakuna kitu. Dkt. Mshana anaomba tuvuke kiwango cha nguvu ya sumaku. Nimemwonya.

5.
"Nikipandisha hivyo, linaweza kupasuka," Pavel alisema.
"Na usipopandisha?"
"Utarudi nalo nyumbani likiwa zima."
Nakiete alitazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika arobaini.
"Nirudi nalo nikalifanyie nini?"
Pavel aligeukia mtambo. Akapandisha.

6.
Pigo la tano lilikuwa fupi kuliko kupepesa jicho. Mchoro wa chaji kwenye skrini ukanyanyuka, ukayumba,
ukanyanyuka tena,
kisha

tak.

Sauti ndogo, kama ukucha unaokatwa.

7.
Ukumbini, sauti mbili:
"Yule dada bado yumo?"
"Mwache kwanza. Tuanze kufungua nyaya za huku."

8.
FOMU YA KUFUNGA JARIBIO
Sampuli: imeharibika.
Matokeo: hayawezi kuthibitishwa.
Marudio: hayawezekani.
Maoni ya mtafiti:

9.
Alasiri simu ikaita. Mke wa Mbazi alikuwa amemshikia mumewe simu sikioni.
"Shikamoo, Mwalimu."
"Marahaba, mwanangu. Enhe?"
Njiani kutoka maabara Nakiete alikuwa amejiandalia uongo, tena mzuri. Hakuutumia.
"Limepasuka, Mwalimu."
Pumzi za mzee zilisikika zikipanda na kushuka kwa shida.
"Vipande vingapi?"
"Viwili."
"Kikubwa kina ukubwa gani?"
"Nusu milimita."
Kifaa cha kulishikilia jiwe kilihitaji milimita nzima. Mbazi alikijua, kwani ndiye aliyekichora.
"Na sumaku?"
"Wameizima."
"Basi niambie ulichokiona kabla halijapasuka," alisema taratibu. "Usinihurumie."
Nakiete alifumba macho, akautafuta ule mchoro gizani.
"Ulinyanyuka mara mbili, Mwalimu. Mara ya kwanza uwezo ulikuwa bado haujafa. Inaweza kuwa mistari, ikitangulia kifo. Inaweza kuwa jiwe lenyewe lilishaanza kupasuka, maana mara tu baadaye nilisikia tak."