Kikombe cha Mfalme Targesh

Wivu ulimpanda Saurag mbele ya watu wote. Kwenye sherehe ya ushindi, Mfalme Targesh alimpokonya kikombe cha dhahabu mkononi, akampa Kasag, mateka wa juzi tu kutoka vita vya ng'ambo ya mto, kijana mwenye sura nzuri asiyejua hata kukamua farasi.

"Kuanzia leo huyu ndiye atakayeninywesha," akasema mfalme. "Wewe Saurag, kachunge mifugo."

Mifugo! Hebu fikirini. Miaka ishirini na miwili kikombe kile kilikuwa mkononi mwake. Yeye na mfalme walichanjana ujanani, wakachanganya damu na mvinyo, wakanywa pamoja mashavu yakigusana. Walipojifanya wanakimbia jeshi la kusini, wakichoma nyasi na kufukia visima hadi adui akafa kiu jangwani, nani alimpa mfalme tone lake la mwisho la maziwa? Farasi wa mfalme alipochomwa mkuki mtoni, nani alishuka kwenye wake akampa? Kasag alikuwa wapi siku hizo? Alikuwa ananyonya!

Siku kumi alichunga mifugo kwa hasira. Kila Kasag alipopita, Saurag alimrushia maneno.

"Shika vizuri, bibi harusi, usije ukavunja kucha!"

Watu walicheka, Saurag mwenyewe hakucheka. Kilichomchoma zaidi ni kaburi. Kwetu nyikani mfalme hazikwi peke yake. Anayemnywesha hunyongwa, akalazwa upande wake wa kulia na kikombe kifuani. Mahali pale Saurag alipahesabu kuwa pake tangu ujana.

Mkewe Zarana, aliyekuwa akimganga mfalme kidonda cha mshale tumboni, alichoka kumsikiliza akinung'unika.

"Mume wangu, hayo macho ni ya nini kama huoni? Mnadhani mfalme amepona kwa kuwa anajikaza. Tumbo limeoza. Hafiki mwezi mwandamo. Aliniapisha nisikwambie, lakini umenichosha. Amekitoa kikombe kwako ili asife nawe. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Shukuru basi."

Zarana alidhani mumewe atalia kwa furaha.

"Kwa hiyo yule ndiye atakayelala kando yake?"

"Saurag!"

"Milele? Yule?"

"Na mimi je?" Zarana akauliza. "Mimi utaniacha na nani?"

Saurag alivaa mkanda wake wa vita, akaenda moja kwa moja hadi hemani kwa mfalme. Kasag alikuwa mlangoni anatafuta pa kutorokea, maana wapishi walikuwa wamekwisha kumnong'oneza mila zetu.

"Lete," akasema Saurag.

Kijana akakiachia kikombe kama kaa la moto, akatimua mbio kuelekea mtoni. Hakuna aliyejisumbua kumfuata.

Ndani, mfalme alikuwa amelala chali, uso umesawijika. Alifumbua macho, akaona kikombe kimeshikwa na nani.

"Mpumbavu wewe," akasema. "Nilitaka uishi."

"Nani alikuomba?"

"Nitakufukuza."

"Nifukuze basi. Inuka ufanye hivyo."

Mfalme akajaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. Saurag akamwinua kichwa, akamnywesha kidogo kidogo kama ilivyokuwa desturi yao, akampangusa ndevu. Kisha akazunguka upande wa kulia wa kitanda.

"Sogea," akasema, akaketi.