Darubini ya Mke wa Gibson

Umewahi kuona mzee wa miaka sabini akionea wivu kitu kinachoning'inia shingoni mwa mke wa mwanawe? Basi mzee huyo alikuwa Mogaka wa Ekerenyo, na kitu chenyewe kilikuwa darubini.

Sharon alikuja nayo kutoka Malindi. Yeye na mumewe Gibson walikaa huko miaka minne, na Sharon alikuwa akihesabu ndege na kikundi cha kulinda mazingira, pale mto Sabaki unapoingia baharini. Aliporudi nyumbani, majirani walikuja na viti vyao kumsikiliza akieleza habari za flamingo, na za vindege vya matopeni vinavyoruka kutoka Ulaya bila kupumzika. Wakamwita Mwalimu wa Ndege. Mogaka alikunywa chai yake kando, na ingawa mkewe Eucabeth alikuwa ametia vijiko vitatu vya sukari, aliiona chungu.

Kwani korongo wa kinamasi cha hapa chini, wale wenye taji la dhahabu, nani aliwalinda? Miaka thelathini watu walimwambia akaushe pale apande mikaratusi, akakataa. Alijua wanalala upande gani. Alimjua hata yule mmoja anayechechemea. Na hakuna aliyewahi kumjia na kiti.

Kilichomkereketa zaidi ni kwamba hakuwahi kuchungulia ndani ya ile darubini. Katika boma lake mila ilishikwa: baba mkwe hamkaribii mke wa mwanawe, hapokei kitu mkononi mwake, na maneno yao hupitia kwa mtu mwingine. Mjukuu wake Valentine, mtoto wa Sharon, alichungulia, Eucabeth alichungulia, hata mwenye kuuza maziwa alichungulia. Mogaka akasema macho yake yanamtosha.

Jumapili moja Sharon akashuka na Eucabeth kuhesabu korongo. Mogaka akabaki juu kidogo, kwenye majani chai, akijifanya anang'oa magugu. Akamsikia Sharon akisema tisa. Yeye alijua ni kumi na mmoja. Akanyamaza, na kule kunyamaza kukawa kutamu kama muwa. Mwalimu gani huyo.

Sharon hakufunga daftari. Akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, niulizie Baba kama nimepatia. Wa hapa anawajua yeye."

"Baba Gibson, umesikia?"

Mogaka aling'oa gugu moja zaidi, na halikuwa gugu, lilikuwa chai.

"Mwambie kumi na mmoja. Wawili wako nyuma ya mafunjo. Wana kiota."

Sharon akainua darubini, akatafuta mafunjoni.

"Mama, mwambie Baba mmoja amesimama. Anageuza mayai. Matatu."

Miaka thelathini Mogaka hakuwahi kuyaona mayai, kwa kuwa hakutaka kuwasogelea akawafukuza.

"Mwambie…" akaanza, akaacha. Akafuta udongo mikononi, polepole, kidole kwa kidole.

"Mama Valentine," akasema, mwenyewe, kwa sauti ya kumfikia. "Iweke hapo juu ya kisiki, usogee. Na mimi nataka kuangalia."